Saa ya Kwanza Baada ya Kujifungua

Jinsi wakunga na wauguzi walivyojifunza kuipima damu badala ya kuikisia, na sehemu ya kazi hiyo iliyo mikononi mwetu sisi jamaa

Hakuna habari inayopokewa kwa furaha katika nyumba zetu za Pwani kama habari ya kwamba binti, mke au mkamwana amejifungua salama. Simu hupigwa huku na huku, uji wa pilipili manga huinjikwa jikoni, mtoto huadhiniwa sikioni, na macho ya watu wote humgeukia kiumbe mpya. Ni wakati huo huo, hali kila mtu anamtazama mtoto, ndipo mama yake anapokuwa katika saa ya hatari kuliko nyingi alizozipitia katika miezi tisa. Hatari hiyo ni damu.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza miongoni mwa sababu za vifo vya wazazi duniani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 hupatwa na mkasa huo kila mwaka, na makumi ya maelfu kati yao huwa hawapo tena watoto wao wanapotimiza arobaini. Hapa Kenya, hesabu zilizotokana na sensa ya 2019 zilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walifariki kwa sababu zinazohusiana na uja uzito na uzazi. Si wote waliouawa na damu. Wako waliokufa kwa kifafa cha mimba, na wako waliokufa kwa maambukizi. Lakini damu ina sifa moja ya kutisha kuliko hayo mengine, nayo ni haraka yake. Mwanamke aliyeingia chumba cha uzazi akiwa mzima wa afya anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa mbili hivi tangu damu ianze kumwagika, asipopata msaada.

Habari njema ni kwamba miaka ya karibuni imeleta mabadiliko makubwa katika kuikabili hatari hii, na mengi ya mabadiliko hayo hayakutokana na mitambo ya thamani. Yametokana na mikono ya wakunga na wauguzi, na yamejaribiwa katika hospitali zetu wenyewe za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Makala haya yanaeleza walichokifanya, na kisha yanauliza ni kipi kinachotubakia sisi majumbani.

Mji wa mimba unapochoka

Ili kuifahamu kazi ya mkunga, yafaa kwanza kufahamu kinachotokea mwilini. Kwa miezi tisa kondo la nyuma limeshikamana na ukuta wa mji wa mimba, na mishipa imekuwa ikipeleka damu hapo ili mtoto apate chakula na hewa. Mimba inapofikia mwisho wake, yapata nusu lita ya damu au zaidi hupita mahali hapo kila dakika. Mtoto anapozaliwa na kondo likabanduka, mishipa hiyo hubaki wazi. Kinachoifunga kwanza ni nyama za mji wa mimba wenyewe, ambazo nyuzi zake zimesukwa kwa kupishana. Nyama hizo zikijikaza huibana mishipa kama kamba inavyobana mdomo wa gunia, na damu hukatika.

Mji wa mimba ukichoka na kulegea, kamba hiyo haikazi. Hiyo ndiyo sababu ya takriban visa saba katika kila kumi vya kutokwa na damu nyingi. Visa vilivyobaki husababishwa na kipande cha kondo kilichosalia ndani, na kuchanika kwa njia ya uzazi, au na damu yenyewe kushindwa kuganda. Mwanamke aliyebeba pacha, aliyezaa mara nyingi, au aliyekaa na uchungu kwa muda mrefu yumo katika hatari zaidi. Lakini jambo ambalo wakunga wenye uzoefu hulisisitiza ni kwamba wengi wanaopatwa na mkasa huu hawakuwa na dalili yoyote ya kutangulia. Mtu hawezi kusema, “Huyu ni mzazi wa mara ya pili, wa kwanza alimzaa bila taabu, basi hatuna haja ya kumwangalia.” Kila mzazi anastahili kuangaliwa.

Jicho halina mizani

Kwa miaka mingi, katika hospitali kubwa na ndogo duniani kote, mkunga alikisia kwa macho damu iliyomtoka mzazi. Alitazama shuka, akatazama pamba, akatazama sakafu, kisha akaandika makisio yake katika faili. Kanuni ilisema kwamba damu ikifika mililita 500 ndani ya saa ishirini na nne baada ya kujifungua, hiyo imepita kiasi na matibabu yaanze.

Taabu ni kwamba jicho la mwanadamu halina mizani. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wahudumu, hata waliokaa kazini miaka mingi, hukisia damu kuwa chini kuliko ilivyo, na kadiri damu inavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Damu hunywewa na pamba na leso, huchanganyika na maji ya uzazi, na hujificha chini ya mgongo wa mzazi. Tena aghalabu haitoki kwa kishindo. Hutiririka polepole, kidogo kidogo, na hivyo haimshtui mtu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo hugeuka kuwa onyo: kibaba kikijaa, mama amekwisha kuishiwa nguvu.

Msomaji anayetaka kuona kiasi kinachozungumziwa na atazame chupa ya soda ya kioo iliyo dukani. Hiyo ni mililita 300. Chupa ya maji ya nusu lita ndiyo mililita 500. Mwaga kiasi hicho cha maji yenye rangi juu ya shuka kukuu, kisha umwite mtu akisie. Utaona mwenyewe jinsi lilivyo jambo gumu.

Shuka yenye mistari

Mnamo Mei 2023 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliopewa jina la E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Utafiti huo ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulihusu wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Ni nadra utafiti mkubwa namna hiyo kufanywa katika hospitali za ngazi ya kati barani Afrika, zenye msongamano na upungufu ule ule tunaoujua.

Kifaa kilichotumika ni cha kawaida mno. Ni shuka ya plastiki anayowekewa mzazi chini ya makalio mara mtoto anapozaliwa, na ncha yake imeumbwa mfano wa mfuko unaoning'inia mwisho wa kitanda. Mfuko huo una mistari ya vipimo. Damu yote huingia humo, na mkunga husoma mstari ilikofika, kama vile mama asomavyo kipimo kwenye jagi la jikoni. Katika saa nzima ya kwanza, kila baada ya dakika 15, mkunga huangalia damu, mapigo ya moyo, presha, na kama mji wa mimba umekaza.

Damu ikifika mililita 500, au ikifika mililita 300 na kukawa na dalili nyingine mbaya, mkunga hangoji. Hufanya mambo kadhaa kwa mkupuo mmoja. Huusugua mji wa mimba kwa mkono juu ya tumbo mpaka ukaze. Humpa mzazi dawa ya kuukaza, kama oksitosini. Humchoma dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Humwekea maji ya mshipa. Kisha humkagua aone kama kuna kuchanika au kipande cha kondo kilichosalia, na huita msaada wa daktari damu isipokatika.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyokuwa ngeni. Zote zilikuwa zikifundishwa vyuoni. Tofauti ilikuwa katika mpangilio. Zamani mkunga alijaribu hatua ya kwanza, akangoja aone, akajaribu ya pili, akangoja tena, na kila kungoja kuliila damu ya mzazi. Sasa hatua zote huja pamoja, na vifaa vyake vyote vimekwisha wekwa katika sanduku moja chumbani, asitumwe mtu kukimbilia duka la dawa usiku wa manane.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Katika hospitali zilizofuata utaratibu mpya, visa 93 katika kila 100 vya kutokwa na damu nyingi viligunduliwa, hali katika zile zilizoendelea na utaratibu wa zamani viligunduliwa 51 tu. Waliopata matibabu kamili walikuwa 91 katika 100, dhidi ya 19. Na wanawake waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, au waliolazimika kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwayo, walipungua kutoka asilimia 4.3 hadi asilimia 1.6. Hilo ni punguzo la asilimia 60. Inapasa kusema kwa uadilifu kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na wale waliookolewa wasifikie kupoteza lita moja, kwa kuwa vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno pande zote mbili kuweza kutoa hukumu peke yake. Hata hivyo, asiyefikia lita moja hafiki ukingoni. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo utumike.

Ndani ya tarakimu hizo kuna funzo moja. Wale asilimia 49 ambao damu yao haikugunduliwa katika hospitali za utaratibu wa zamani hawakuangukia mikononi mwa wauguzi wazembe. Waliangukia mikononi mwa watu wenye elimu na nia, waliokosa kipimo. Mara nyingi tunapolaumu, huwa tunamlaumu mtu, na kumbe kilichopungua ni utaratibu.

Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni

Ile dawa ya kuzuia damu, asidi ya traneksamiki, ina historia inayostahili kujulikana na kila mwanamke. Iligunduliwa nchini Japani na daktari mwanamke, Utako Okamoto, aliyezaliwa mwaka 1918, akishirikiana na mumewe Shosuke. Japani ilikuwa imetoka vitani, vifaa vilikuwa haba, na walifanya majaribio yao kwa kutumia damu yao wenyewe. Wakati huo alikuwa na binti mdogo na hakuwa na wa kumwachia, hivyo alikwenda naye maabara akiwa amembeba mgongoni. Mwaka 1962 walichapisha ugunduzi wao.

Tamaa yake tangu mwanzo ilikuwa kuwaokoa wanawake wanaotokwa na damu katika uzazi, lakini hakufaulu kuwashawishi madaktari wa uzazi wa mji wake waijaribu. Dawa ikatumika katika upasuaji na katika meno, nayo miaka ikapita. Ni nusu karne baadaye ndipo utafiti wa kimataifa uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21 ulipoithibitisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: dawa hiyo hupunguza vifo vinavyotokana na damu, hasa ikitolewa ndani ya muda wa saa tatu tangu mtoto kuzaliwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Bibi Okamoto alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya matokeo kutangazwa. Leo dawa yake ni sehemu ya utaratibu tulioueleza, na inatumika katika vyumba vya uzazi ambavyo hakupata kuviona.

Joto letu na dawa zetu

Kwetu Pwani kuna jambo jingine la kuzingatia. Oksitosini, ambayo ndiyo dawa kuu ya kuukaza mji wa mimba, hutakiwa kuhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Zahanati iliyo mbali, yenye umeme unaokatika na joto letu la mwezi wa Machi, hupata taabu kuitunza. Dawa iliyoharibika kwa joto haionekani kwa macho: chupa ni ile ile, maji yake ni yale yale, lakini nguvu imekwisha.

Ndiyo maana wengi walifurahi mwaka 2018 utafiti uliofanywa katika nchi kumi, Kenya ikiwa mojawapo, kwa wanawake karibu 30,000, ulipoonyesha kwamba dawa ya kabetosini isiyodhuriwa na joto huzuia damu sawa na oksitosini. Kabetosini hiyo hukaa miaka mitatu katika joto la nyuzi 30 bila kuharibika. Kwa kituo cha afya kilicho kisiwani au katika bonde la mto Tana, hiyo ni neema kubwa. Kamati za vituo vyetu, ambamo wananchi huwa na wajumbe, zina haki ya kuuliza swali jepesi: dawa za uzazi zinahifadhiwaje hapa, na umeme ukikatika hufanywa nini?

Heshima nayo ni tiba

Kifaa na dawa havimfai mwanamke ambaye hakufika hospitalini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba mwaka 2014 wanawake 62 katika kila 100 nchini Kenya walizalishwa na mhudumu mwenye mafunzo, na kufikia 2022 walikuwa 89. Hayo ni maendeleo makubwa. Wale waliosalia nyumbani wana sababu zao, na sababu hizo si ujinga kama wengine wanavyodhani. Wako waliokwazwa na nauli. Wako waliohofia sitara yao. Na wako waliokwenda mara ya kwanza wakasemezwa maneno ambayo hawakutaka kuyasikia mara ya pili.

Jambo hili limechunguzwa hapa Kenya. Mradi ulioitwa Heshima, ulioendeshwa katika vituo 13 vya afya, uliwauliza akina mama walivyotendewa wakati wa kujifungua. Mmoja katika kila watano alieleza kwamba alivunjiwa heshima kwa namna fulani: kukaripiwa, kuachwa peke yake, kuanikwa mbele ya watu bila pazia, au kuzuiwa kuondoka kwa ajili ya deni. Hatua zikachukuliwa. Wahudumu walifundishwa, wananchi wakakaribishwa kuvitembelea vyumba vya uzazi, malalamiko yakawekewa njia ya kusuluhishwa, na wauguzi wenyewe wakapatiwa ushauri nasaha, kwa maana mtu aliyechoka na kuelemewa hawezi kutoa upole asiokuwa nao. Baada ya hapo idadi ya wanaolalamika ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Haikufika sifuri, lakini ilishuka, na hilo lathibitisha kwamba tabia ya mahali pa kazi hubadilika ikifanyiwa kazi.

Kwa mwanamke wa Kiislamu, sitara ni sehemu ya heshima hiyo. Ana haki ya kuomba pazia lifungwe, kuomba ahudumiwe na mkunga mwanamke iwapo yupo, na kuomba mtu anayemwamini akae naye. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendekeza kila mzazi awe na mwenzake wa kumchagua mwenyewe. Mambo hayo ni mepesi kupatikana yakiulizwa mapema, wakati wa kliniki, kuliko yakidaiwa uchungu umekwisha kushika. Na damu inapomwagika na aliye karibu ni mganga mwanamume, asitokee mtu mlangoni akamzuia. Dharura ina hukumu yake, na wanazuoni hawajalifumbia macho jambo hilo.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mzazi hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kwenye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa akisha kufika. Wakunga na wauguzi tuliowaeleza wameshughulikia hasa kuchelewa kwa tatu. Kwa pili kunategemea barabara, gari la wagonjwa na boti. Mzazi wa Kizingitini au Kiunga hana budi kuvuka bahari ili afike hospitali kuu ya Lamu, wa Likoni hungoja feri, na wa Tana Delta hukatiwa njia na mafuriko. Lakini kuchelewa kwa kwanza hutokea ukumbini mwetu.

Nani huamua? Katika nyumba nyingi binti aliyeshikwa na uchungu hana neno. Husubiriwa mume aliyeko safarini apigiwe simu. Husubiriwa mkwe aseme. Husubiriwa asubuhi. Kila anayesubiriwa ana mapenzi naye, wala hakuna anayemtakia shari, lakini damu haisubiri mtu. Dawa ya jambo hili ni kuamua kabla. Mwezi wa saba wa mimba usipite bila mume, mke na wazee wa pande mbili kukaa na kukubaliana: atajifungulia wapi, ataenda na nani, kwa chombo gani, nambari ya dereva au nahodha ni ipi, na ni nani atakayekuwa na idhini ya kusema “twende” ikiwa mume hayupo. Idhini hiyo itolewe wazi, mbele ya watu, ili asiwepo wa kuihofia.

Fedha nazo zipangwe mapema. Tangu Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma, na mpango huo baadaye ukaitwa Linda Mama. Kuanzia Oktoba 2024 huduma zimehamia chini ya SHA, ambayo inahitaji familia iwe imejiandikisha. Kujiandikisha siku ya uchungu ni kuchelewa.

Katika kazi hii tunao wasaidizi karibu. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, kila mmoja hutazamiwa kuzihudumia nyumba 100 hivi. Wengi wao ni wanawake wa mtaa ule ule, wanaobisha hodi na kukaribishwa hadi ndani. Wakunga wetu wa jadi nao wasidharauliwe. Mahali pengi wamekuwa wasindikizaji wa wazazi kwenda hospitalini, na neno la bibi mmoja aliyezalisha mtaa mzima lina uzito kuliko mabango kumi ukutani.

Damu ya wengine

Yote tuliyoyataja yakishindwa, kinachobaki ni kumwongezea mzazi damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka mkononi mwa mtu. Kwa muda mrefu nchi yetu imetegemea sana wanafunzi wa sekondari kuchangia, na ndiyo maana akiba hupungua shule zinapofungwa. Mtu mwenye afya, mwenye umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia. Huchukuliwa mililita 450 hivi, na mwili huzirudisha. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, na mwanamke baada ya miezi minne. Misikiti na madrasa zina nafasi nzuri ya kuandaa siku za kuchangia, na katika Ramadhani shughuli hiyo huweza kufanywa usiku baada ya futari. Waume wanaouliza wawafanyie nini wake zao wajawazito, hili nalo ni jibu.

Na mwanamke naye ajiandalie damu yake mwenyewe kabla ya siku kufika. Mwenye upungufu wa damu hudhurika kwa kupoteza kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki vimezwe kila siku, hata kama vinachafua roho kidogo. Alale ndani ya chandarua, na apate dawa ya kukinga malaria anayopewa kliniki, maana malaria hula damu. Mchicha, kunde, maharagwe, nyama na dagaa vina manufaa, na chai ya rangi inywewe mbali na chakula kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.

Nifasi na damu ya hatari

Katika jamii yetu damu ya baada ya uzazi ina jina na hukumu zake. Ni nifasi, na kila binti hufundishwa habari zake. Lakini mazoea hayo ya kuijua nifasi wakati mwingine hutufumba macho. Mzazi akisema anatokwa na damu, hujibiwa kwamba ndiyo kawaida ya mzazi. Ni kweli, nifasi ni kawaida, na hupungua siku hadi siku, rangi yake ikififia kutoka nyekundu hadi hudhurungi hadi kukatika. Damu ya hatari haifuati njia hiyo. Mzazi apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, ikiwa:

– pedi au kitambaa kinalowa chote kabla ya kutimia saa moja, na kingine kinachofuata vivyo hivyo;
– yanatoka mabonge makubwa ya damu;
– damu iliyokwisha kupungua imerudi kwa wingi, hata kama ni wiki kadhaa baadaye;
– anahisi kizunguzungu, moyo unamwenda mbio, ngozi ni baridi yenye jasho, au anazungumza asichokijua;
– ana homa, au damu yake ina harufu mbaya.

Wakati chombo kinatafutwa, alazwe, afunikwe, akojoe kama anaweza, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba usikaze. Mtoto awekwe titini, kwani kunyonya huuamsha mwili utoe oksitosini yake wenyewe. Asikandwe tumbo kwa maji ya moto kwa matumaini ya kukausha damu hiyo. Mila ya kumkanda mzazi ina wakati wake, na wakati huo si huu.

Mkono mmoja haulei mwana. Mkunga anayesoma mstari kwenye mfuko usiku wa manane, mwanakijiji aliyelaza mkono wake akatoa damu, nahodha aliyeacha simu yake wazi, mkwe aliyesema “nendeni” bila kungoja: hao wote wamemlea mtoto huyo kabla hajapewa jina. Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu, awape nguvu wanaowahudumia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wasiochelewa.